Same, Pare, na Maneno Yaliyofichwa katika Herufi

Msafiri atokaye Tanga kwenda Moshi, akifuata ile njia ya reli ambayo Wadachi walianza kuijenga mwaka 1893 wakaifikisha Moshi mwaka 1911, huiona milima ya Pare mkono wake wa kuume kwa mwendo mrefu, hata afikapo mji wenye jina la herufi nne: SAME. Sisi wenyeji twalisoma Sa-me, silabi mbili, kila herufi kwa sauti yake, na kazi imekwisha. Walakini mgeni Mwingereza alitazamapo jina hilohilo huona neno la lugha yake mwenyewe. Hulitamka kwa silabi moja, kama "seim", na maana yake ni "ileile". Akiinua macho kuitazama milima na kuuliza jina lake, akaandikiwa PARE, ataona tena neno la kwao, nalo ni kumenya tunda kwa kisu.

Mtu asidhani kwamba majina haya tulipewa na Waingereza. La, ni majina ya huku. Herufi zimekutana tu, kama watu wawili wa nchi mbalimbali walioitwa jina moja. Lakini kukutana huku kwatupa njia nzuri ya kueleza jambo ambalo wasomaji wetu wengi hulisikia kwa watoto watokapo shuleni. Mwalimu ameandika herufi chache ubaoni, akasema, "Tafuteni maneno ya Kiingereza yaliyomo humu." Je, mchezo huu una asili gani? Na kwa nini mtoto asomaye Kiswahili bila kusita hukwama hapo?

Tuanze na hesabu. Herufi za Same, yaani A, E, M na S, zaweza kupangwa kwa njia 24, wala haizidi hata moja. Maana mahali pa kwanza waweza kuweka yoyote katika nne, pa pili yoyote katika tatu zilizobaki, pa tatu yoyote katika mbili, na ya mwisho haikuachii hiari. Nne mara tatu mara mbili ni 24. Katika mipango hiyo Kiingereza cha kawaida kina maneno matatu. La kwanza ni same. La pili ni seam, yaani mshono wa nguo. La tatu ni mesa, mlima ambao kilele chake ni bapa. Kiswahili chetu kina sema. Tena kama si lazima kuzitumia herufi zote, Kiingereza chatoa am, as, me na sea. Hilo la mwisho ni bahari, ingawa Same i mbali na bahari.

Herufi za Pare ni A, E, P na R. Humo mna pare tuliyoitaja, mna pear ambalo ni tunda la nchi za baridi, na mna reap, maana yake kuvuna. Wakulima wa tangawizi wa Mamba Myamba wangefurahi kujua kwamba jina la milima yao lina mavuno ndani yake. Kwa Kiswahili twapata pera, na hapo pana ajabu kubwa kuliko mchezo wenyewe. Pear la Waingereza na pera letu ni ndugu wa damu. Kwa Kilatini tunda hilo la Ulaya liliitwa pirum, na wingi wake pira. Neno lilikwenda kaskazini, likafika Uingereza, likawa pear. Likakaa Ureno, likawa pera. Na Wareno walipokwisha kuijua njia ya pwani yetu, tangu mwaka 1498, neno nalo likaja, nasi tukalipa tunda jingine, lile la mpera. Ndivyo ilivyo kwa mesa pia. Waingereza waliliazima kwa Wahispania, ambao kwao ni meza ya kulia chakula. Na meza yetu sisi tuliichukua kwa Wareno, ambao nao husema mesa. Basi mtu aliyekaa na kalamu akizigeuza herufi za Same na Pare amekuta maneno mawili yaliyotoka kwa Warumi, kila moja kwa njia mbili, yakaja kukutana chini ya mlima mmoja.

Kazi ya kuchezea herufi si ya jana. Wasomaji wa Biblia wameishika mikononi mwao bila kujua. Zaburi ya 119 ina mafungu 22, na kila fungu lina aya nane, kwa sababu herufi za Kiebrania ni 22, na katika Kiebrania aya zote nane za fungu huanza kwa herufi moja. Katika Kiswahili chetu hayo hayaonekani. Wafasiri waliyaleta maneno, lakini hawakuweza kuzileta herufi. Kadhalika katika Yeremia 25:26 twasoma habari za mfalme wa Sheshaki, na mtu aweza kuitafuta nchi hiyo katika ramani asiione. Ni Babeli. Mwandishi ameibadili kila herufi kwa ile iliyo mahali pake ukihesabu toka mwisho: ya pili toka mwanzo ikawa ya pili toka mwisho, na B mbili zikawa Sh mbili; L nayo, iliyo ya kumi na mbili, ikawa K. Ajuaye Kiebrania peke yake ndiye awezaye kuifungua.

Sasa turudi kwa yule mtoto. Lugha yetu ina sheria zake katika kupanga herufi. Neno la Kiswahili halisi hukoma kwa irabu. Kwa hiyo katika ile mipango 24 ya Same, mipango 12 inayokoma kwa M au S imekwisha kuanguka kabla hatujaanza kufikiri. Katika iliyobaki, mtoto huitamka kila mmoja kwa sauti, na sikio lake humwambia mara moja kama neno hilo lipo. Sikio latosha. Lakini mtoto huyohuyo akilitafuta neno la Kiingereza kwa sikio hatalipata. Seam hutamkwa kama "siim", na reap kama "riip". Basi angesema kwamba ea ni sauti ya "ii". Ndipo akutane na pear, nalo lasemwa "pea", sauti moja kabisa na pare. Herufi zilezile mbili, katika neno lenye herufi zilezile nne, zimesema sauti nyingine. Huyu mtoto si mjinga. Ameshika kanuni, na kanuni imemtoroka.

Sababu yake imo katika historia, nayo yafaa kuelezwa shuleni kuliko inavyoelezwa. Zamani Waingereza waliandika karibu kama walivyosema. Katika karne ya 14 neno same lilikuwa na silabi mbili: A yake ilikuwa A ndefu kama yetu, na E ya mwisho ilisikika, ingawa kwa sauti hafifu. Kumbe Mwingereza wa siku zile, kama angesimama chini ya milima ya Pare akaonyeshwa jina la mji wetu, angelisoma karibu kama alisomavyo mwenyeji! Halafu E ya mwisho ikanyamaza. Hata mwaka 1476 William Caxton akaleta Uingereza kazi ya kupiga chapa, akafungua mahali pake Westminster. Wapiga chapa wakayashika maandishi kama walivyoyakuta, E zikiwamo, wakayaeneza kwa vitabu vingi. Lakini midomo ya watu haikungoja. Katika karne zilizofuata irabu ndefu za Kiingereza zilihama mahali pake: A ndefu ikapanda ikawa "ei", E ndefu ikawa "ii". Maneno mengine, kama pear, hayakwenda pamoja na wenzao kwa sababu ya ile R ifuatayo. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kuu mwaka 1755, maandishi yalikuwa yamekwisha kuganda, na matamshi yalikuwa yamekwisha kuondoka. Ni kama nyumba ya zamani ambayo milango yake yaonekana ukutani, walakini mingi imezibwa, na watu huingilia dirishani.

Kwa hiyo mtoto wetu asomaye "sa-me" amesoma Kiingereza, ila amechelewa miaka 600. Kumcheka si haki.

Watu walioanza kuzihesabu herufi kwa makini walikuwa na haja zao. Katika karne ya 9, katika mji wa Baghdad, mwanachuoni al-Kindi aliandika jinsi ya kufumbua barua za siri: uhesabu ni herufi gani ionekanayo mara nyingi katika lugha, kisha uitafute katika barua ile alama inayoonekana mara nyingi vilevile. Baada ya miaka elfu moja, huko Marekani, Samuel Morse na mwenziwe Alfred Vail walikuwa wakitengeneza alama za simu ya waya. Vail alitaka herufi zenye kazi nyingi zipewe alama fupi. Hakuketi kusoma vitabu. Alikwenda kwa wapiga chapa akatazama ni herufi ngapi za kila namna walizoweka katika visanduku vyao, maana mpiga chapa haweki akiba ya kitu asichokihitaji. Akaona E zimezidi zote. Kwa hiyo E ikawa nukta moja tu, na T kistari kimoja. Mwaka 1844 habari zikapita kwa alama hizo kati ya Washington na Baltimore.

Mtu wa tatu alikuwa na shida ya tumbo. Alfred Butts, mchora ramani za majengo wa New York, alipoteza kazi katika miaka ya 1930, wakati biashara ya dunia ilipoanguka. Katika kukosa kazi akabuni mchezo wa kuunda maneno kwa vibao vya herufi, na ili ajue herufi ngapi zatosha akazihesabu katika kurasa za magazeti. Vibao vyake ni 100. E ni 12, A ni tisa, I ni tisa. Q ni moja na Z ni moja, na kila moja ya hizo mbili ina alama kumi kwa kuwa ni ngumu kuitumia. S aliziweka nne tu kwa makusudi, kwa sababu Kiingereza huongeza S mwishoni kufanya wingi, na mchezo ungekuwa rahisi mno. Mwaka 1948 James Brunot aliuita mchezo huo Scrabble, na kwa jina hilo umefika hata katika shule za Afrika Mashariki.

Walakini vibao hivyo ni vya Kiingereza, havifai Kiswahili. Katika vyote 100, K ni moja tu. Sasa andika "Kaka kapika kuku": umekwisha kutaka K sita! Hata ukipewa na vile vibao viwili vitupu viwezavyo kusimama mahali pa herufi yoyote, hutoshi. Au tazama methali yetu, "Haraka haraka haina baraka." Ina herufi 23, na katika hizo A ni 11, E haimo hata moja. Mpiga chapa wa Kiingereza angekwisha A zake kabla ya kumaliza ukurasa, na E zingelala sandukuni. Q na X nazo hatuna kazi nazo.

Maandishi ya Kiswahili hayakuganda kwa bahati kama ya Kiingereza. Yalikatwa shauri, na wazee waliokuwa watoto wakati huo tuliwaona kwa macho. Kwanza watu wa pwani waliandika kwa herufi za Kiarabu. Ndipo wageni wakaja, kila mmoja na masikio yake. Wadachi waliandika Moschi mahali pa Moshi, na Dschagga mahali pa Chaga, herufi nne kwa sauti moja. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikata shauri la kukifanya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, na tarehe 1 Januari 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Kamusi iliyotoka mwaka 1939, kazi ya Frederick Johnson na Kamati hiyo, ikaimarisha maandishi tuyatumiayo. Lugha iliyoandikwa juzi ina faida hii, kwamba kalamu na ulimi bado zaenda pamoja.

Kwetu milimani mambo yalikuwa na ugumu wa peke yake. Misheni ya Leipzig ilianza Shigatini mwaka 1900, na Wasabato walianza Giti mwaka 1903, wakiongozwa na Johannes Ehlers na A. C. Enns. Wote walikuta lugha isiyokuwa na maandishi, tena lugha ambayo jina lake lenyewe lasemwa kwa njia mbili: kuna wasemao Chasu, na kuna wasemao Chathu, ulimi ukiwa katikati ya meno. Basi jina moja, na herufi je? Ukiandika S, huyu hajisikii. Ukiandika TH, yule aona si lake. Ernst Kotz alitoa sarufi ya Chasu mwaka 1909, na Agano Jipya kwa Chasu likatoka mwaka 1922. Tangu hapo Chasu cha kitabuni kina herufi zake. Lakini kaskazini, huko Ugweno, wako wenye lugha nyingine kabisa, Kigweno, iliyo karibu na Kichaga, na watoto wao husoma Kiswahili shuleni na kuona maandishi ya lugha ya nyumbani kwao kwa nadra sana. Twaona ni hasara. Mtu akitaka kuwafundisha watoto kutafuta maneno katika herufi, angeanza na maneno ya mama zao.

Sasa tuseme habari ya njia, maana mzazi aweza kuifanya nyumbani. Kamusi haikusaidii kulitafuta neno ambalo herufi zake zimevurugwa, kwa kuwa imepangwa kwa herufi ya kwanza, nayo huijui. Hata kamusi ya Kiswahili ina taabu zake: ukitaka "anasema" yakubidi kwanza uvue "ana", ndipo uende kwenye sema. Lakini waliozoea mchezo huu wana hila moja nyepesi. Kila neno walijualo huandika herufi zake kwa taratibu ya alfabeti. Same huwa AEMS; seam huwa AEMS; mesa huwa AEMS. Pare, pear na reap zote huwa AEPR. Ukiwa na daftari la namna hiyo, ukipewa herufi zozote, zipange kwanza kwa alfabeti, kisha ufungue ukurasa wake. Jamaa yote utaikuta imeketi pamoja. Kompyuta na simu za siku hizi hufanya hilohilo kwa kufumba na kufumbua. Hazina akili zaidi ya daftari, zina haraka tu. Sisi twapenda daftari, kwa sababu aliandikaye hujifunza kuandika.

Walakini tusiusifu mchezo kupita kiasi. Mwezi wa Novemba 2015, huko Perth katika Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alishinda mashindano ya dunia ya Scrabble ya Kiingereza, na hakuna Mwafrika aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Twafurahi. Lakini mwaka huohuo Nigel Richards, mtu wa New Zealand, alishinda mashindano ya dunia ya Kifaransa, naye hakujua kuzungumza Kifaransa! Aliyashika maneno kwa macho, kama mtu ashikavyo nyuso za watu asiojua majina yao. Basi macho ya kutafuta maneno ni kitu kimoja, na kuijua lugha ni kitu kingine.

Hilo lawahusu sana watoto wa vijiji vyetu. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho kilichofundishiwa katika shule za msingi za serikali, na baadaye, katika sekondari, vitabu na mitihani huwa kwa Kiingereza. Mtoto ashukaye kutoka Suji au Mbaga kuingia kidato cha kwanza aja na sikio zuri na macho yasiyozoea. Katika hesabu aweza kuijua kazi yote, akaanguka kwa sababu hakulitambua neno moja la swali. Mtoto wa namna hiyo hahitaji kuambiwa kwamba Kiingereza ni kigumu. Ahitaji kuonyeshwa ni wapi ugumu ulipo: kwamba E ya mwisho mara nyingi haisemi ila hubadili irabu iliyo mbele yake, kwamba Q karibu daima hufuatwa na U, kwamba GH katika night ilikuwa sauti ya koo ambayo Waingereza wameiacha na herufi zikabaki, kwamba I, N na G hupenda kukaa pamoja mwishoni. Akizijua jamaa hizi, herufi zikiandikwa ubaoni hazioni tena kama mchanga uliomwagwa. Kisha aambiwe na maana ya kila neno alipatalo, na alitumie katika sentensi, ili asiwe kama yule bingwa wa Kifaransa.

Kwa wale watakaopenda kujaribu nyumbani jioni, twawapa herufi tano: A, E, L, S na T. Kwa Kiswahili herufi nne za humo zatoa leta, na nne nyingine tesa. Kwa Kiingereza tumepata maneno matano yanayozitumia zote tano. Moja ni kibao ambacho watoto wa shule za zamani waliandikia. Moja ni mkate uliolala. Moja ni hadithi, nazo ni zaidi ya moja. Moja ni kilicho kidogo kuliko vyote. Na moja ni tendo lililokatazwa katika Amri Kumi.